Kofia ya Bati ya Bwana Pettibone

Mheshimiwa Hakimu Doty, ambaye ndoo ya kwanza kuingia kwenye zizi lake niliileta mimi. Mchungaji Lyle, ambaye nusu ya waumini wake huamka Jumapili kwa nguvu ya mabirika ya kahawa niliyowauzia mimi. Bibi Submit Rood, mjane wetu mheshimiwa, mama wa mji huu wote, pamoja na sisi tusiotaka. Bwana Culver, mgeni wetu kutoka mjini, karibu sana, na pole kwa yatakayokupata. Bwana harusi na bibi harusi wetu wa leo, Orrin na Thirza Wadhams. Ndugu majirani wa Stony Fork, kina mama mliobeba pai na kina baba mliozionja kabla hazijafika mezani. Nanyi watoto mliojificha huko juu darini, ambao miguu yenu naiona: nawasalimu nyote.

Mtaniwia radhi kwa kuwasalimu nikiwa na kofia kichwani. Mchungaji ameshanikonyeza kuhusu jambo hili. Mchungaji, nimekuona. Tutafika huko.

Kwanza ni haki mjue anayesimama mbele yenu ni nani, maana wengi mmezoea kuniona mgongo tu, nikiondoka na gari langu. Mimi ni Jotham Peck, mchuuzi wa vyombo vya bati, na nasema bila kujivuna hata kidogo kwamba kama nisingezaliwa, watu wa Vermont mpaka leo wangekuwa wanakunywa supu kwa viganja na kusoma Biblia gizani. Mishumaa mnayowasha, nani aliwaletea kalibu za kuimimina? Nyama mnayooka mbele ya moto bila kuunguza nyusi, nani aliwaletea lile jiko la bati lenye kijiti cha kuzungusha? Gavana mmoja, ambaye sitamtaja kwa kumwonea haya, aliwahi kulisimamisha gari langu barabarani akaniuliza kama namshauri agombee tena. Nikamuuzia kikwaruzo cha jibini, nikamwambia aende akafikiri. Shule nilikwenda majira mawili tu ya baridi, na moja kati ya hayo nilikuwa na surua, lakini hakuna mlango kati ya hapa na mto mkubwa ambao haujafunguka kwa sauti yangu.

Sasa nawauliza, ndugu zangu, mchuuzi ni nini bila fundi? Mchuuzi ni mdomo na magurudumu. Vyote nilivyowasifia vibarazani kwenu, vinara, kandili zilizotobolewa nyota, vikatio vya biskuti vyenye umbo la jogoo, vyote vilitoka kwenye karakana hii tunayokaa sasa, juu ya benchi hili lililobeba maharage na pai ya malenge, na vilitoka mikononi mwa mtu mmoja, yule pale aliyekaa karibu na dirisha na ambaye tangu mwingie na maandamano yenu mkipiga masufuria hajaufunga mdomo. Orrin, mwanangu, funga, nzi bado wapo.

Kama kuna mtu anatilia shaka kazi ya Orrin, na ajifunze kwa dubu. Mwaka ule wa theluji ndefu, dubu alinifuata nyuma pale kwenye kilima cha misonobari, akatia kichwa ndani ya ndoo ya Orrin iliyokuwa na masalia ya asali, na kichwa kikakwama. Akavuta, haikutoka. Akajigonga kwenye miti, haikutoka. Akakimbia nayo akavuka mto mpaka New Hampshire, na wenyeji wa huko, kwa kuona kiumbe kirefu chenye kofia inayong'aa, wakadhani ni afisa wa jeshi, wakampigia saluti. Kiangazi kilichofuata niliikuta ndoo ile kwa mama mmoja wa huko, anakamulia ng'ombe. Haikuvuja hata tone! Mimi nilimcheka dubu yule mpaka nikaanguka kutoka kitini.

Bibi Rood anasema mwaka jana nilisema alikuwa mbwa. Bibi Rood, mbwa hukua.

Lakini tuyaweke pembeni ya dubu. Tazameni nje ya mlango. Mnaliona gari la Bwana Culver pale chini ya mti wa sukari? Juu yake kuna sanduku lililofungwa kamba. Ndani ya sanduku hilo kuna mikasi ya Orrin, nyundo zake za mti, fuawe zake zenye pembe, chuma chake cha kulehemu, na vile vipande vya bati alivyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, kila kimoja kikiwa ni umbo la chombo: huu mdomo wa birika, hili bega la kandili, hili sikio la kikombe. Bwana Culver amekuja kuvinunua kwa ajili ya kiwanda cha mjini, na kumchukua Orrin navyo. Huko kuna mashine inayobonyeza sahani nzima kwa pigo moja. Orrin atakuwa anavuta mkono wa mashine hiyo kutwa, sahani baada ya sahani, zote sawa kama mayai. Bado hawajapeana mkono. Bwana Culver, ambaye ni muungwana na amekula pai yetu kwa moyo wote, amesema watapeana baada ya sherehe. Kwa hiyo jambo lenyewe linaamuliwa leo, na mimi, kwa kuwa ninyi nyote mlikuwa na haya, ndiye niliyetumwa kulisema mbele yake.

Tulijua tangu majira ya kuchipua. Kazi ilikuwa imepungua. Vyombo vya kiwandani vilikuwa vinaletwa na treni, vyepesi, vinang'aa, vinavunjika shingo mkivitazama kwa hasira. Orrin akawa anakaa mlangoni amekunja mikono, na Thirza, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu niliyemlea mwenyewe baada ya dada kutuacha, akawa haimbi tena. Nilimuuliza, "Thirza, na wewe unataka kwenda mjini?" Akasema, "Mume wangu akienda nitakwenda, Mjomba." Nikamwambia, "Sikukuuliza hilo." Akasema, "Ndilo nililokujibu." Akaendelea kusugua birika lake.

Na hilo birika, ndugu zangu! Mke wa fundi bati, miaka kumi, anamimina kahawa kwa birika lenye mdomo uliopinda kushoto, kwa sababu yaliyonyooka yote yalipanda gari langu. Ukitaka kahawa kwa Thirza, unaweka kikombe mahali ambapo hukitegemei. Mgeni huunguzwa. Sisi wenyeji tumejifunza kukaa upande wa mashariki wa meza.

Miaka kumi, nimesema. Bibi Rood ndiye aliyeikumbuka. Jumapili moja tukiwa kwenye baraza la kanisa alitushika mimi na Hakimu kwa vifungo vya makoti akasema, "Vuli hii wale watoto wanatimiza miaka kumi ya ndoa. Mwaka wa kumi ni wa bati, kama wa hamsini ulivyo wa dhahabu. Tutawafanyia sherehe ya bati."

Mnajua wenyewe desturi yetu. Kila anayekuja lazima aje na kitu cha bati, na kadiri kitu hicho kinavyokosa maana ndivyo heshima inavyozidi: boneti ya bati, viatu vya bati, feni ya bati, koti lenye mkia wa bati. Jambo zuri. Lakini Hakimu, ambaye kazi yake ni kuona tatizo pale wengine wanapoona furaha, akauliza, "Vitu vyenyewe tutavitengenezea kwa nani?"

Fundi bati wa mji huu ni mmoja tu, naye ndiye bwana harusi!

Mmoja wenu, ambaye yuko hapa na anajijua, akasema, "Si tuagize kiwandani?" Bibi Rood akamgeukia. "Umpelekee fundi bati bati la kiwanda kwenye sherehe yake ya bati? Kwa nini usimtemee mate kwenye kahawa kabisa?" Yule bwana akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kukamua, akaondoka.

Hapo ndipo mji ulipohitaji kichwa kikubwa, na kichwa hicho kilikuwepo. Nilisema, "Tutaviagiza kwa Orrin mwenyewe. Tutamwambia ni vya watu wengine." Hakimu akauliza, "Watu gani?" Nikasema, bila hata kupepesa jicho, "Bwana na Bibi Pettibone, wa bonde la pili." Hakimu akasema, "Siwajui." Nikamwambia, "Utawajua tu. Mimi mwenyewe nimeanza kuwajua sasa hivi."

Ndugu zangu, kuna watu waliozaliwa na mama zao, na kuna akina Pettibone, waliozaliwa barazani mwa kanisa kwa kinywa cha Jotham Peck, na nadiriki kusema wana afya kuliko wengi wenu.

Mkaanza kumiminika karakanani. Hakimu alikuwa wa kwanza. Aliagiza kofia ndefu ya bwana harusi, ya bati, yenye ukingo. Orrin akauliza, "Kichwa cha huyu Pettibone kina ukubwa gani?"

"Kama chako."

"Kama changu kwa kukisia?"

"Kama chako kabisa. Jipime tu, itamkaa."

Siku ya pili akaja Bibi Rood kuagiza viatu vya bibi harusi. Orrin akauliza mguu. "Kama wa Thirza." Akauliza kimo, ili ajue na kisigino. "Kama Thirza." Orrin akaweka nyundo chini. "Bibi Rood, hawa watu wewe umewaona wapi?"

"Kanisani."

"Mbona mimi sijawahi kuwaona?"

"Mahubiri yakianza wewe huwa umefumba macho, mwanangu."

Thirza aliijua siri yetu siku ile ile ya viatu. Mwanamke anaujua mguu wake. Alivitazama, akanitazama mimi, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi tukamsikia anaimba.

Kazi yangu ilikuwa kuwatunza akina Pettibone wasife njaa. Kila nilipopita nilimletea Orrin habari mpya. Pettibone anafuga nyuki. Pettibone alimnyanyua fahali kutoka matopeni kwa pembe moja. Siku moja Orrin akanisimamisha. "Mjomba, wiki iliyopita ulisema huyu mtu ana mguu wa mti."

"Ndiyo."

"Hakimu ananiambia ni mchezaji dansi hodari."

"Sasa huoni kwamba mtu kama huyo anastahili sherehe?"

Akaguna, akarudi kwenye kazi. Alikuwa anakata feni ya Mchungaji. Na Mchungaji wetu, mnamjua, ulimi wake haukuumbwa kwa uongo, hata ule mdogo wa kusifia kitoweo. Orrin alipomwuliza kama anawajua akina Pettibone, Mchungaji akawa mwekundu hadi masikioni, akashika ukingo wa benchi, akasema, "Orrin, ninachoweza kukuambia ni kwamba niliwafungisha ndoa mimi mwenyewe." Akatoka nje haraka kama mtu anayeungua. Mchungaji, ulisema kweli tupu. Simameni mumpigie makofi Mchungaji.

Asanteni. Kaeni. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike hotuba hii kwa mkono wangu, kazi niliyokuwa naikwepa tangu surua.

Orrin, ulipokuwa unatengeneza vile vitu ulikuwa unauliza kila aliyekuja: huyu Pettibone ni mtu wa namna gani hata mji mzima unamhangaikia? Mimi sikuwa nimewafundisha watu jibu la swali hilo. Niliwapa mguu wa mti na nyuki, basi. Kwa hiyo kila mmoja ilimbidi ajibu kwa alichokuwa nacho. Na walijibu nini? Hakimu alikwambia, "Ni mtu ambaye ukimletea chombo kibovu hakwambii ununue kipya kama cha zamani kinaponyeka." Bibi Rood alikwambia, "Mwaka mume wangu alipokuwa mgonjwa, alikuja kwenye theluji ya magotini kunilehemea birika la dawa, akavua hata viatu mlangoni asije akatuchafulia sakafu." Mwalimu wa shule alikwambia kwamba kandili ya mlangoni mwa shule ilitengenezwa na Pettibone, na matundu yake ameyapanga ili mwanga uanguke kwenye ngazi, mahali watoto wanapokanyaga. Hukushtuka, Orrin? Kandili ile uliitengeneza wewe! Lakini hukujitambua, kwa sababu hujazoea kujitazama. Watu walikuwa wanakusema wewe usoni pako, na wewe umeinama unapinda ukingo wa kofia, unatikisa kichwa na kusema, "Kumbe kuna watu wa namna hiyo."

Halafu siku moja, jioni, nikiwa napakia gari, uliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Ulisema, "Mjomba, nisingependa kuondoka bila kumwona huyu Pettibone. Mtu kama huyo, ningekuwa mimi ni watu wake, nisingemwachia aende popote." Mimi, Jotham Peck, ambaye sijawahi kunyamaza tangu nibatizwe, niliuma ulimi nikashika mkia wa farasi wangu, nikajifanya naufunga.

Basi Orrin, mtazame Pettibone. Amekaa karibu na dirisha, amevaa koti lenye mkia wa bati, na mke wake yuko kando yake na viatu vya bati vinavyomkaa kama amezaliwa navyo. Sisi ni watu wake. Na tunasema maneno yako yale yale.

Tulieni kidogo. Bibi Rood, leso iko kwenye mfuko wa kulia.

Najua Orrin anafikiri nini, maana Orrin ni mtu wa hesabu. Anafikiri: wamenipenda, sawa, lakini sherehe ya bati ni siku moja, na keshokutwa hakuna atakayekuja kuagiza boneti. Ni kweli. Huwezi kulisha nyumba kwa boneti za bati. Ndiyo maana nataka mtazame ule ukuta, pale juu ya tanuri, mahali penye msumari mtupu. Mpaka wiki iliyopita palikuwa na ndoo. Orrin aliitengeneza majira ya kuchipua yaliyopita kwa ajili ya mti wake mwenyewe wa sukari, alipochoka na ndoo za mbao. Ilikuwa pana juu na nyembamba chini, ina kitundu chini ya ukingo cha kuning'inizia kwenye msumari mtini, na kifuniko cha kuzuia mvua isiingie kwenye utomvu tunaouchemsha kuwa sukari. Aliitundika pale akaisahau. Hakuwaza kwamba kuna mtu mwingine angeitaka.

Kuagiza kofia ya kipuuzi huchukua muda, ndugu zangu. Mkulima aliyekuja kuagiza tai ya bati ilibidi akae kwenye kigoda, asubiri, atazame ukuta. Hakimu akatazama ile ndoo. Mwisho akaitungua. Akauliza, "Hii inavuja?" Orrin akasema, "Inavujaje? Ni bati." Hakimu akakumbuka ndoo zake za mbao, ambazo kiangazi chote zimekauka ghalani mbao zimeachana, na kila mwaka kabla ya utomvu kuanza kutoka anazilowesha, anazigonga pete, anazitukana, na bado nusu ya sukari yake inanywewa na mizizi. Akaja jirani yake, yule wa tai, akaitungua na yeye. Akazitia mbili moja ndani ya nyingine, maana Orrin alikuwa ametengeneza na ya pili, akaona zinaingiana kama vikombe, shehena nzima inaweza kukaa kwenye kona ambayo leo inajaa ndoo chache za mbao. Bwana akaondoka amesahau hata tai aliyoijia!

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeanzisha mzaha, na mzaha ukaanza kuota miguu. Nimezunguka na ndoo ile kwenye gari langu, shamba kwa shamba, na safari hii sikuhitaji kusema uongo, jambo ambalo lilinichosha sana. Nilikuwa naishika tu juu. Bwana Culver, nikuulize kwa heshima: mashine yenu inabonyeza ndoo ya namna hii, yenye kina hiki? Bwana Culver anatikisa kichwa. Anasema inapasua bati. Mnamsikia? Muungwana, nimesema!

Sasa nataka kila mwenye miti ya sukari katika karakana hii, ambaye kabla ya utomvu wa mwaka ujao anataka miti yake yote itundikwe ndoo za Orrin Wadhams, anyanyue juu chochote cha bati alichonacho.

Tazama, Orrin. Usinitazame mimi, watazame wao. Ile ni sufuria ya Hakimu. Ile ni feni ya Mchungaji, ingawa Mchungaji ana mti mmoja tu, na huo ni wa kanisa. Ukianza Jumatatu, majira yote ya baridi hutanyoosha mgongo.

Kabla hujanijibu, kuna zawadi moja haijatolewa. Thirza, njoo hapa, mwanangu. Mimi niliagiza kitu kwa ajili ya Bibi Pettibone. Nilimwambia Orrin nataka birika la kahawa, mdomo umenyooka, mpini wa kushikika, na ubavuni ndege amechorwa kwa nukta za nyundo. Alilifanyia kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikigusa. Alipolimaliza alilishika kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Bibi Pettibone ana bahati. Thirza angelipenda hili." Nikamwuliza, "Kwa nini humtengenezei?" Akasema, "Nitamtengenezea, Mjomba, nikipata nafasi." Thirza, amepata nafasi. Shika. Na lile la zamani msilitupe, liwekeni kwa ajili ya wageni msiowapenda.

Mheshimiwa Hakimu, ndugu wageni, nakaribia mwisho. Nawashukuru nyote mlioshika siri kwa miezi yote hii, ingawa hakuna aliyeishika kama mimi. Nawashukuru kina mama kwa chakula, Bibi Rood kwa kumbukumbu yake, Bwana Culver kwa uvumilivu wake, na farasi wangu Keturah kwa kubeba akina Pettibone bila malalamiko.

Orrin anatazama ukutani, anatazama gari la Bwana Culver. Sikulaumu. Ulidhani unaagwa, umekuta unaozwa upya. Siwezi kukulazimisha uchague. Lakini kuna jambo moja dogo nimelizunguka tangu salamu, na Mchungaji amenikonyeza tena, na sasa ni wakati wa maombi, na watu wote lazima wavue kofia.

Kofia hii, ndugu zangu, si yangu. Ni ile aliyoiagiza Hakimu. Ilikuwa nije nimvike Orrin mbele yenu. Asubuhi nilipokuwa peke yangu na kioo nikasema niijaribu kidogo tu, nione ingemkaaje mtu mashuhuri. Ilipimwa kwa kichwa cha Orrin, na kichwa changu, kama nilivyokuwa nikiwaambia siku zote, ni kikubwa. Nimeivuta. Nimepaka siagi. Nimemwomba Keturah anisaidie kwa njia ambayo sitaieleza mbele ya watoto. Hotuba hii nilikusudia iwe fupi. Imekuwa ndefu kwa sababu nilikuwa nasubiri itoke yenyewe.

Haitoki, Orrin. Nimekwama kama yule dubu, na sitamcheka tena. Kazi yako haiachii. Inahitaji mikasi ya bati na mkono wa fundi, na mikasi iko ndani ya sanduku, na sanduku limefungwa kamba juu ya gari la Bwana Culver.

Anacheka. Mwoneni, anacheka! Anainuka. Mpisheni njia, msimkanyagie mkia wa koti. Thirza, usimsaidie, mwache afungue mwenyewe. Bwana Culver, nakuomba, shikilia farasi tu asisogee... Ndiyo, kamba ile, Orrin, ya pili nayo. Lifungue lote. Lishushe kabisa, mwanangu, si kutoa mikasi tu. Lishushe chini lirudi ndani, benchi tutaliondolea hizo pai.

Asanteni sana, ndugu zangu, kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Na wewe fundi, anzia nyuma, ukate polepole. Masikio nayahitaji, kuna watu bado hawajaniambia nilivyohutubia vizuri.